Si Lazima Umpende Mbwa

Mbwa wetu anaitwa Watasema. Jina hilo alipewa na mjomba wangu miaka kumi iliyopita, wakati wa mgogoro wa mpaka wa kiwanja na jirani wa upande wa nyuma, ambaye siku hizi wanakunywa naye kahawa baraza moja. Mtu aliyekaa Uswahilini ataelewa. Mbwa hapewi jina ili aitike tu, hupewa pia ili mtaa usikie. Nimeshakutana na Sijali, na Hasidi, na Mtachoka. Kanga husema kwa maandishi, mbwa husema kwa kuitwa. Nikisimama mlangoni jioni na kuita, ni kama ninasoma tena hukumu ya kesi iliyokwisha zamani.

Jina hilo linaonyesha vizuri mbwa ni nini katika nyumba nyingi za pwani hii, kuanzia Bagamoyo hadi Bunju na Tegeta. Ni chombo cha kazi. Hubweka, hutisha, hulinda kuku na nguo za kambani, na akipata jina zuri hufikisha ujumbe kwa mbaya wako. Wachache humwingiza ndani. Hakai kwenye kochi, hapigwi picha siku ya kuzaliwa. Hula alichobakiza mtu: ugali na dagaa, vichwa vya samaki, pumba iliyochemshwa. Mchana hufungiwa kwenye kibanda ili usiku atoke na hasira. Hali ikiwa hiyo, swali linalonisumbua ni jepesi kulisema na gumu kulijibu: chombo hicho kikichakaa, mwenye nacho anadaiwa chochote?

Swali hili sikulipata darasani, ingawa nasoma uzamili wa falsafa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nililipata hapa nyumbani, Magomeni ya Bagamoyo, ninakokaa kwa mjomba kwa sababu kodi ya chumba karibu na chuo imenishinda. Watasema amezeeka. Jicho moja limeingia ukungu, miguu ya nyuma inamsaliti, na masikio, nadhani, yameshafunga kabisa. Mwezi wa tatu mwizi aliruka ukuta usiku akaondoka na mtungi wa gesi. Watasema alikuwa amelala hatua tano tu kutoka jikoni, na asubuhi tulimkuta bado amelala.

Mjomba hakumpiga, si mtu wa hivyo. Alimaliza chai yake, akasema kwamba tutatafuta mtoto wa mbwa, na huyu atapelekwa shamba.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufuga mbwa, naomba nieleze kidogo. “Kupelekwa shamba” ni tafsida. Anatafutwa kijana mwenye bodaboda, mbwa anafungwa kwenye kiroba kichwa kikiwa nje, na anashushwa mahali mbali ambako hawezi kukumbuka njia ya kurudi. Watoto wakiuliza wanaambiwa kwamba huko kuna nafasi na panya wengi. Mbwa wanaopelekwa shamba kwa kawaida hawana shamba.

“Mjomba,” nilisema, “si amefanya kazi miaka yote hii?”

“Amefanya. Na sasa amestaafu. Hata mlinzi wa kampuni hustaafu.”

“Lakini mlinzi akistaafu hupewa kiinua mgongo.”

Mjomba alinitazama muda mrefu. Yeye mwenyewe ni mtumishi wa umma mstaafu, na mwaka alioacha kazi alikwenda na kurudi miezi mingi akifuatilia mafao yake, faili likiwa chini ya kwapa. Hakunijibu. Alichukua baiskeli akaenda sokoni. Lakini neno shamba halikutajwa tena wiki ile, na mimi nikapata nafasi ya kufikiri.

Nilijua pa kuanzia, kwa sababu mfano wa mbwa mzee umo katika falsafa tangu karne ya 18. Immanuel Kant, katika mihadhara yake ya maadili, anamzungumzia mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu muda mrefu. Anasema utumishi kama huo unastahili malipo, na mbwa akishindwa kazi, bwana amtunze mpaka afe. Hapo mtu angetaka kupiga makofi. Kisha Kant anatoa sababu yake, na makofi yanapungua. Kwake yeye mbwa hana haki ya kudai chochote. Tunamtendea wema kwa ajili ya binadamu wenzetu, kwani mwenye mkono mzito kwa wanyama huzoea, na mwishowe mkono huo huwafikia watu. Kwa maneno mengine, mbwa ni uwanja wa mazoezi, na mechi yenyewe ni baina ya watu.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Mtaani tunawajua watoto walioanza kwa kuwapiga mawe mbwa wa feri. Hata lugha yetu inaelekea huko: ukatili tunauita unyama, ingawa hakuna mnyama anayefunga mwenzake kwenye kiroba, na wema tunauita utu. Hivyo mtu anayemtupa mbwa wake mzee amepunguza kitu katika utu wake mwenyewe. Sawa. Lakini hoja hii inamwacha Watasema nje ya mlango wa kesi inayomhusu. Deni linalipwa kwangu, kwa jirani, kwa jamii, kwa kila mtu isipokuwa aliyelala uani na njaa.

Aliyenitoa hapo ni bibi wa nyumba ya pili.

Bibi huyu ni mwenyeji hasa, mtu wa swala tano, na katika miaka yote ya Watasema hajawahi kumgusa hata kwa ncha ya kanga. Wengi wetu wa pwani hii tunalijua jambo hili hata kama si Waislamu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea huku, mbwa ni najisi. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wanazuoni wa Maliki wana maoni tofauti, wao wanamhesabu mbwa kuwa tohara, lakini Bibi hakulelewa katika Maliki. Siku bomba likikauka na maji yakawa ya kununua kwa dumu, kuosha mara saba si suala la fikihi peke yake, ni suala la mfuko pia. Ndiyo maana kuna methali ambayo huku husemwa kwa namna mbalimbali, kwamba mzoea mbwa huingia naye msikitini. Bibi hataki mazoea.

Hata hivyo, kila siku baada ya chakula cha mchana, Bibi hukwangua sufuria ya wali, ukoko na matandu yote, akachanganya na mchuzi uliobaki, na kuja mpaka kwenye upenyo wa ukuta wetu. Hapo tumeweka kopo la rangi lililokatwa nusu. Humimina kutoka juu bila mkono wala kata kugusa kopo, halafu humimina maji katika kopo la pili. Husimama kidogo kuhakikisha kuwa kuku hawakuja kunyang'anya. Kisha huondoka. Hamwiti mbwa kwa jina. Hamsemeshi. Hamsifii.

Nilimwuliza siku moja. “Shikamoo Bibi. Unampenda mbwa wetu?”

“Marahaba. Nimpendee nini, mjukuu wangu?” Alishangaa kweli. “Mbwa huyo ana kelele, na alipokuwa kijana alinikosakosa kisigino.”

“Mbona unamlisha?”

“Ana njaa. Na nyie mwamlisha jioni tu. Njaa yake si najisi.”

Nikamtajia, kwa lugha nyepesi, hoja ya Kant: kwamba labda anamlisha ili moyo wake mwenyewe usiwe mgumu. Alicheka. Akasema moyo wake ana njia nyingine za kuulainisha, ukoko ni wa mbwa. Halafu akanisimulia visa viwili anavyovijua kila mtoto wa madrasa. Cha kwanza ni cha mtu aliyemkuta mbwa akiramba tope kwa kiu. Mtu yule akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, na Mungu akamsamehe madhambi yake. Cha pili ni cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia ndani, hakumpa chakula, na wala hakumfungulia akajitafutie mwenyewe.

Visa hivi viwili nimevifikiria kuliko kitabu chochote nilichosoma muhula huu. Katika kile cha kwanza hatuambiwi kwamba yule mtu alimpenda mbwa, wala kwamba alimchukua kwenda naye nyumbani. Alimnywesha, mambo yakaisha. Mnyama alikuwa na kiu na mtu alikuwa na uwezo. Katika kile cha pili kosa limeelezwa kwa usahihi ambao mwanasheria angeuonea wivu. Paka akiwa huru angejitafutia panya wake. Yule mwanamke alianza kudaiwa pale alipofunga mlango. Ukimfunga kiumbe, riziki yake inahamia mikononi mwako.

Nilipofika hapo niliona kwa nini neno “chombo” lilikuwa limenipotosha tangu mwanzo. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeshanisahihisha. Nyumba huchakaa, na ngoma, na nguo. Neno mbwa, kwa umbo lake, limekaa katika ngeli moja na hayo: nyumba, ngoma, nguo, mbwa. Lakini hatusemi mbwa *imechakaa*. Tunasema amezeeka, kwa kiambishi kilekile tunachompa mjomba na bibi. Sarufi si ushahidi mahakamani, najua, lakini inaonyesha kwamba waliotuachia lugha hii waliona kuna mtu, au angalau kuna nani, ndani ya kile kinachobweka. Kitu huchakaa chenyewe. Anayezeeka amezeekea mahali, akifanya kitu, kwa ajili ya fulani.

Na Watasema amezeekea kwetu. Tena sisi ndio tuliofunga milango yake mingine. Mbwa wa feri, wale wanaozunguka soko la samaki wakisubiri matumbo na vichwa, wana taabu zao, lakini wanaijua biashara yao. Wanajua mashua zinaingia saa ngapi na muuza samaki gani ana jiwe karibu. Watasema hajui lolote katika hayo. Tangu akiwa mdogo alifungiwa mchana ili amchukie kila mgeni, na kazi hiyo aliifanya vizuri mno. Kumshusha leo katika kijiji cha watu asiowajua ni kumtupa kwa watu tuliomfundisha kuwang'ata. Hakuna atakayemmiminia ukoko. Huko ni sawa na kumfungia yule paka, tofauti ni kwamba chumba ni kikubwa zaidi.

Rafiki zangu wa chuo wana pingamizi, na si la kupuuza. Wanasema huruma kwa mbwa ni anasa ya Wazungu, na kwamba mji kama Bagamoyo, ulioona watu wakishuka pwani na minyororo shingoni, haupaswi kupewa somo la mbwa. Mimi nadhani historia ya mji huu inasema jambo hilo vizuri kuliko wanavyodhani.

Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mara mbili kwenda bara. Mara ya pili, Novemba 1874, alikuwa na mbwa watano, na majina yao yote yamo katika maandishi yake: Castor, Captain, Nero, Bull na Jack. Hakuna hata mmoja aliyefika mwisho wa safari ile, na vifo vyao aliviandika kwa masikitiko. Lakini ni Stanley huyohuyo aliyeeleza katika kitabu chake cha 1872, kuhusu safari ya kwanza, jinsi wapagazi walipolegea kwa matope na mvua, na jinsi mjeledi wa mbwa ulivyotumika migongoni mwao. Mjeledi wa mbwa, katika mgongo wa mtu. Na wengi wa waliobeba mizigo ile majina yao hatuyajui mpaka leo.

Rafiki zangu husoma kisa hiki na kusema: unaona, wapenda mbwa ndivyo walivyo. Mimi ninakisoma vingine. Kinaonyesha kwamba kupenda mbwa hakuthibitishi chochote. Mapenzi huchagua. Huchagua mwenye manyoya mazuri, mwenye jina, aliye karibu na hema. Mtu anaweza kumlilia mbwa wake na kumchapa jirani yake, kama vile mwingine anavyoweza kuwa mpole kwa watu na kumtupa mbwa kwa bodaboda. Kama wema wetu kwa viumbe unategemea kuvipenda, basi kila kisichopendeka kimekwisha: mbwa mzee, mbwa mwenye upele, na hata mpagazi. Bibi hampendi Watasema, na ndiyo maana namwamini. Ukoko wake hautegemei hali ya moyo wa mtu asubuhi ile.

Nimefurahi kuona kwamba Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, aliyeandika mwaka 1975 kitabu ambacho wengi hukihesabu kuwa mwanzo wa harakati za kisasa za kutetea wanyama, anakaribia kusema hivyohivyo. Katika utangulizi anasimulia jinsi alivyoalikwa chai na bibi mmoja aliyedhani kwamba yeye na mkewe ni wapenzi wa wanyama. Wakamweleza kwamba hawafugi mnyama wala hawana mapenzi ya pekee na mbwa au paka, wanachotaka ni wanyama wasiteswe. Singer na bibi yetu wa Magomeni wangetofautiana katika mambo mengi, kuanzia na pweza wa nazi. Katika hili wangekaa jamvi moja.

Lakini haki haina upande mmoja, na hapa wapenzi wa mbwa hunisikiliza kwa tabu. Kama mbwa anatudai, majirani nao wanatudai kwa sababu ya mbwa. Bibi anadai baraza lake lisirambwe. Watoto wanaokwenda madrasa alasiri wanadai kupita mbele ya geti letu bila kukimbia. Na mtaa mzima unadai chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 hivi kwa mwaka, vingi Asia na Afrika, na takriban watu 4 kati ya kila 10 wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu maambukizi yote kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100 wa eneo, mnyororo unakatika. Kwa hiyo ile sindano anayochomwa Watasema kila mwaka si zawadi ninayompa kwa kumhurumia. Ni sehemu ya deni letu kwa mtoto wa mtu mwingine.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama hapa Tanzania, na ni vizuri ipo. Sijaona mtu mtaani kwetu akiitaja. Kinachofanya kazi ni kopo la rangi, kadi ya chanjo na aibu ya kuonwa.

Mjomba alikuwa na hoja yake pia, na aliirudia mwezi wa tano kwa utulivu. Alisema unga umepanda, dagaa wamepanda, mdogo wangu anaanza kidato cha kwanza, na sasa tutakuwa na mbwa wawili, mmoja akilinda na mwingine akilala. Alisema falsafa ni nzuri kwa mtu asiyenunua unga. Nilimwambia hilo ni kweli, na kwamba deni haliwi dogo kwa sababu mdaiwa ni maskini, ila linaweza kupangiwa utaratibu. Tulikaa uani tukahesabu. Posho yangu ndogo ya kusahihisha mitihani ingetoa dagaa wa mzee. Yeye angetoa unga wa wote wawili. Mbwa mdogo hatafungiwa mchana kutwa, atafundishwa kubweka bila kung'ata, maana na yeye atazeeka siku moja, na heri azeeke akiwa anaweza kukaa na watu.

Lililobaki ni gumu zaidi, nalo hatukulimaliza vizuri. Itafika siku Watasema hataweza kuinuka kwenda kwenye kopo. Mjomba anaona ni afadhali Mungu amchukue mwenyewe kwa wakati wake. Mimi nadhani tukishamfungia milango mingine yote, hatuwezi kumwachia maumivu peke yake tukasema ni amri ya Mungu. Bibi, tulipomwomba ushauri juu ya ukuta, alisema tu kwamba anayechinja huambiwa anoe kisu vizuri ili mnyama asiteseke, tena kisu kisinolewe mbele ya macho yake, sisi tujaze wenyewe. Mwishowe Mjomba alichukua kadi ya chanjo akaigeuza upande wa nyuma, ulio mweupe. Kwa mwandiko wake wa ofisini aliandika namba ya simu ya daktari wa mifugo, na chini yake: *asiitwe mapema, asicheleweshwe.* Akaweka saini na tarehe, akanipa kalamu ili nami nisaini.